Noti ya milioni moja: kazi za ujana za Herbert Bayer

Tunapoandika haya tuna sanamu ya noti moja juu ya meza yetu. Si noti nzuri kwa namna watu wanavyozoea kusifu noti. Haina sura ya mfalme wala ya rais, haina tai, haina shada la maua. Ina namba, ina maneno yenye herufi nene zisizo na mapambo, basi. Maneno yanasema kwamba thamani yake ni marki milioni moja, na tarehe yake ni 1 ya mwezi wa kenda, 1923. Aliyeichora alikuwa mwanafunzi wa miaka 23, jina lake Herbert Bayer.

Wengi wetu tunajua mchoraji wa sanamu, tunajua mwenye kuchonga mti, tunajua fundi wa vibao anayepaka jina la duka juu ya ukuta. Lakini yuko fundi mwingine ambaye hatumfikiri, ingawa tunashika kazi yake mchana kutwa: yule anayepanga herufi, namba na picha juu ya karatasi itakayochapwa. Sanduku la sabuni, noti, afishi ya sinema, kitabu cha sala, karatasi ya ubatizo, vyote vimepita mikononi mwake. Tukisoma bila taabu hatumkumbuki. Tukipata taabu tunalaumu macho yetu. Kwa hiyo tumeona yafaa mara moja kumchukua fundi mmoja wa namna hiyo na kutazama kazi zake za shule na za miaka ya kwanza, moja moja, tukisema ipi njema na ipi si njema.

Bayer alizaliwa mwaka 1900 katika Austria, kijiji cha Haag am Hausruck. Babaye alifariki yeye angali kijana, na njia ya kwenda chuo kikubwa cha sanaa ikafungwa. Akaenda kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa Linz, kisha kwa mwingine wa Darmstadt, Ujerumani. Mwaka 1921 akaingia Bauhaus, shule iliyoanzishwa na Walter Gropius huko Weimar mwaka 1919. Shule hiyo ilitaka mchoraji, seremala, mfumaji na mjenzi wafanye kazi chini ya paa moja, bila mmoja kujiona bwana wa wengine. Bayer hakuingia kwa ajili ya kuchapa. Aliingia karakana ya rangi za ukutani, na mwalimu wake akawa Wassily Kandinsky, Mrusi, mtu aliyeamini ya kwamba rangi na maumbo vina sauti zao kama nyimbo.

Katika karakana hiyo alifanya kazi moja ambayo mtu anaweza kuiona Weimar hata leo, kwa maana imetengenezwa upya baada ya kufutwa. Ni ukuta wa ngazi ya pembeni ya jengo la shule. Chini aliweka duara la buluu, katikati mraba mwekundu, juu pembetatu ya manjano. Ndivyo Kandinsky alivyofundisha: kila umbo na rangi yake. Mwanafunzi alitii kama mtoto anayekariri katekisimu. Hatuidharau kazi hiyo, kwani mtu anayepanda ngazi anatoka katika rangi nzito na kufika katika rangi nyepesi, na mwili wake unaonja jambo hilo hata kama hajui mafundisho yoyote. Lakini sauti tunayoisikia pale ni ya mwalimu. Ya mwanafunzi bado.

Sauti yake yeye tunaisikia mara ya kwanza katika noti.

Yafaa tueleze mambo yalivyokuwa. Baada ya vita ya 1914–1918 feza ya Ujerumani ilianza kuoza. Mwezi wa kwanza wa 1923 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa marki elfu 18 hivi. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule ilitaka marki bilioni elfu nne na mia mbili. Noti za serikali hazikutosha tena. Miji, majimbo, hata viwanda vikapewa ruhusa kuchapa noti zao za muda. Benki ya jimbo la Thuringia ikageukia Bauhaus, shule iliyokuwa mjini pale pale, na kazi ikaangukia Bayer. Alitengeneza ya milioni moja, ya milioni mbili, na nyingine zilizofuata kadiri sufuri zilivyoongezeka.

Sisi wa Kongo hatuhitaji kufundishwa maana ya mambo hayo. Wazee wetu wanaikumbuka noti ya zaire milioni tano, ambayo wachuuzi waliikataa mwanzo wa 1993, na askari waliolipwa nayo wakaingia njiani kupora. Wanakumbuka pia mwaka uleule zaire mpya moja ilipobadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu, na watu wa Kasai wakakataa ile mpya na kubaki na makaratasi yao makuukuu. Mtu aliyebeba feza katika mfuko wa unga kwenda kununua kilo ya samaki anaelewa kwa nini tunasimama mbele ya noti ya Bayer muda mrefu kuliko mbele ya sanamu nyingine.

Sasa tutazame alifanya nini. Fundi mwingine, akiambiwa tengeneza noti upesi, angetafuta noti ya zamani na kuigeza: sura ya mtu mkubwa, mapambo pembeni, herufi za Kigothi zilizopindapinda. Mapambo ya noti ndiyo nguo zake za sherehe. Yanasema, niamini, nimetoka kwa wakubwa. Bayer aliitupa sherehe yote. Aliuliza swali la mchuuzi: mtu anayeishika karatasi hii anataka kujua nini? Anataka kujua ni ngapi, ni ya nani, na tangu lini. Basi akaandika ngapi kwa herufi kubwa kabisa, akaweka yaliyobaki mahali pake kwa utaratibu, akaacha. Wakati ambapo kila juma noti mpya inatoka na ya juzi haifai, kusoma namba upesi bila kukosea lilikuwa jambo la mkate. Mama anayesimama sokoni na makaratasi ishirini yasiyofanana hakuhitaji tai.

Hiyo ndiyo sifa yake, nasi tunaitoa bila kubana. Hata hivyo noti hii inatusumbua. Karatasi ile ilisema milioni moja wazi kuliko noti yoyote ya wakati wake, na baada ya majuma machache milioni moja haikununua chochote. Maneno yalikuwa safi, ahadi haikuwa na kitu ndani. Kijana hakuwa na kosa, kwa maana si yeye aliyeiharibu feza ya Ujerumani. Lakini tunashika jambo hili mkononi, tutalihitaji mbele: mwandiko ulio wazi hauna uwezo wa kulifanya neno kuwa kweli.

Mwezi wa nane wa 1923 shule ilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake, na kitabu kikachapwa. Kurasa za ndani zilipangwa na László Moholy-Nagy, mwalimu Mhungari aliyefika karibuni. Jalada likapewa Bayer. Alichukua jina la shule, mji na miaka, akaligawa kwa mistari hata likajaza jalada zima, karibu mraba kamili, herufi nyekundu na za buluu juu ya weusi. Hakuna picha. Maneno yenyewe yamekuwa picha. Tulipoliona mara ya kwanza tulidhani ni ukuta uliojengwa kwa matofali. Tukisema kweli, halisomeki upesi kama noti, kwani maneno yamekatwa pasipo huruma ili yajae mahali. Lakini jalada si noti. Mtu analitazama dukani, analiwekea mkono, ana nafasi. Tunaliona kuwa zuri, na tunaona pia kwamba hapa kijana alianza kupenda umbo la herufi kuliko msomaji. Upendo huo utamletea mema na mabaya.

Baada ya maonyesho aliondoka, akaenda Italia, akizunguka na kupaka rangi nyumba za watu ili apate chakula. Jambo hilo halimo katika sanamu zake, lakini sisi tunalipenda: fundi aliyechora milioni kwa mkono wake akapaka kuta kwa ajili ya mkate.

Aliporudi, mwaka 1924, alichora vibanda. Hapa tutasema maneno makali kidogo. Kimoja ni cha kuuzia sigara, na juu ya paa lake imesimama sigara kubwa kama mnara inayotoa moshi. Kingine ni cha magazeti, kingine ni cha kungojea tramu. Kile cha dawa ya meno kinaitwa Regina: vipaza sauti vinapiga kelele juu, na moshi unaandika jina la dawa angani. Havikujengwa. Vinachapwa katika vitabu vingi na watu wanavisifu kuwa vimeyaona mambo yajayo. Ni kweli viliyaona. Miji yetu ya leo imejaa bia zenye urefu wa nyumba na simu zinazong'aa juu ya nguzo, usiku na mchana. Rangi za Bayer ni safi, mistari yake ni ya ustadi, mwanafunzi wa leo atajifunza mengi humo. Lakini noti ilimhurumia mtu anayesoma. Kibanda kile kinamkamata shingoni. Moshi unaoandika jina la dawa mbinguni hauulizi kama mpita njia anataka kusoma. Tunadhani kazi hizi zilisifiwa kupita kiasi, kwa sababu ni rahisi kusifu jumba ambalo hakuna aliyelazimika kukaa jirani nalo.

Mwaka 1925 shule ilihamia Dessau, na Bayer, mwenye miaka 25, akaitwa kuwa mwalimu wa karakana ya kuchapa na ya matangazo. Yule aliyekuwa anajifunza jana akafundisha leo, na kwa mtambo wa kweli na herufi za risasi. Kazi yake ya kwanza inayojulikana hapo ni karatasi ya barua ya shule. Ilifuata vipimo vipya vya karatasi ambavyo Wajerumani walivipatanisha mwaka 1922. Ile A4 ambayo leo katibu wa parokia anaitia katika mashine bila kufikiri ni mojawapo ya vipimo hivyo. Na chini ya karatasi hiyo shule ilitangaza kwamba tangu sasa itaandika kwa herufi ndogo tu. Hoja yao ilikuwa hii: sauti ni moja, kwa nini kuwe na alama mbili? Kinywa hakitamki a kubwa na a ndogo. Mtoto ajifunze alfabeti moja, mwenye kupiga mashini afanye kazi nusu, mchapaji anunue herufi nusu. Mawazo haya yalitoka kwa mhandisi Walter Porstmann, aliyekuwa ameyaandika katika kitabu chake mwaka 1920.

Wasomaji wasione ni neno dogo. Wajerumani huandika kila jina la kitu kwa herufi kubwa, iwe Mungu, iwe kijiko. Kuziondoa ilikuwa kama kumwambia mtu asivue kofia kanisani. Wengi walikasirika.

Bayer akaendelea, akachora alfabeti yake mwenyewe, akaiita ya ulimwengu wote. Herufi ndogo tu, na karibu zote zimetoka katika duara, kipande cha duara na mstari. Hakuna alama ya kalamu, hakuna unene na wembamba wa mkono. Ndiyo kazi yake inayojulikana kuliko zote, nasi tunaikataa, si kwa chuki, bali kwa kujaribu. Tulikaa jioni moja tukaandika maneno yetu kwa maumbo yake: baba, dada, babu, papa. Duara na kijiti, duara na kijiti. Kijiti huku, kijiti kule. Mzee mmoja tuliyemwonyesha aliuliza kama ni shanga. Jicho halisomi herufi moja moja kama anayehesabu mayai. Linashika herufi nyingi za neno kwa pamoja, na linaweza hivyo kwa sababu herufi hazifanani. Bayer alizifananisha kwa upendo wa duara, na kwa hiyo alimnyang'anya msomaji kile alichompa katika noti. Wakati wake haikumwagwa kuwa herufi za risasi kwa kuuzwa. Wachapaji hawakuwa wajinga.

Na juu ya herufi kubwa, Kiswahili hutumia chache, nasi tungeweza kudhani hatutapoteza kitu. Lakini andika: walipata baraka. Je, ni neema ya Mungu, au ni mji ule wa Baraka kando ya ziwa Tanganyika? Herufi moja inatenga. Tena msomaji wa parokia anajua tofauti ya Mungu na mungu. Hoja ya kwamba kinywa hakitamki herufi kubwa ni kweli, lakini kinywa hakitamki nukta wala nafasi kati ya maneno, na hakuna anayetaka kuviondoa.

Jambo moja linachekesha. Mwaka 1926 jengo jipya la Dessau lilipokamilika, jina la shule liliandikwa juu ya ukuta, wima, kutoka juu hata chini, na aliyechora ni Bayer yuleyule. Je, aliandika kwa herufi ndogo? La, zote saba ni herufi kubwa. Nadhiri ilisahauliwa, na tunasema heri, maana zinasimama juu ya ukuta ule kama askari, kila moja juu ya mwenzake, zinaonekana toka mbali. Jicho lake lilijua kuliko mafundisho yake.

Tufike katika kazi tunayoiona kuwa bora. Mwaka huohuo wa 1926 Kandinsky alitimiza miaka 60, na Dessau ikamfanyia maonyesho. Bayer akatengeneza afishi. Kuna picha ya mwalimu, iliyopigwa kwa mashini ya picha, si kubwa. Kuna jina lake, kuna mahali na siku, kuna mistari mizito myekundu na myeusi. Na yote yameinamishwa kidogo, kama fremu ukutani ambayo mtu ameigusa kwa bega. Hilo tu. Ukiiweka afishi wima kwa akili yako, inakuwa tangazo la ofisi, zuri na kavu. Jinsi ilivyoinama, inatembea. Na hata hivyo hakuna neno lililopotea. Jina linasomwa kwanza, kisha mahali, kisha siku, kwa utaratibu uleule wa noti: ngapi, ya nani, tangu lini. Miaka mitatu mbele yake alipaka ukuta kwa kumtii Kandinsky. Hapa anamheshimu kwa lugha yake mwenyewe, wala hakutia duara la buluu wala pembetatu ya manjano, ingawa watu wote wangemsamehe.

Tukiri kitu. Sisi wenyewe zamani tulitengeneza afishi ya sikukuu moja ya parokia. Tulikuwa na aina sita za herufi katika kasha, tukaona ni dhambi kuacha moja ilale. Tukaweka malaika pembeni, msalaba katikati, mstari wa maua chini. Watu waliisifu sana. Kisha wakaja kutuuliza saa ya misa. Afishi ya Kandinsky ina aina moja ya herufi.

Mwaka 1928 Bayer aliondoka Bauhaus pamoja na Gropius, akaenda Berlin kufanya kazi ya matangazo katika studio ya Dorland. Ujana wa kazi yake ungekuwa umekwisha hapo, nasi tungefunga daftari, kama si jambo la 1936. Mwaka huo, wakati wa michezo ya Olimpiki, serikali ya Hitler ilifanya maonyesho ya kuisifu Ujerumani, na kijitabu cha wageni kilitengenezwa na Bayer. Ni kazi ya ustadi: picha zimeunganishwa vizuri, rangi zimepimwa, kila kitu kinasomeka. Ndani yake Hitler anasimama mkubwa juu ya umati wa watu. Mke wa Bayer, Irene, alikuwa Myahudi. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilitundika mchoro wa Bayer Munich katika maonyesho ya sanaa waliyoiita iliyooza, ili watu waucheke. Mwaka 1938 akahamia Marekani, akafanya kazi huko miaka mingi, akafa California mwaka 1985.

Wengine husema fundi wa kuchapa ni kama posta, haulizwi habari za barua anazozichukua. Sisi hatukubali. Posta haifungui bahasha, lakini fundi huyu alifungua, akasoma, akachagua ukubwa wa kila neno, akaamua jicho lianze wapi. Mwaka 1923 alikuwa mwanafunzi, hakujua noti yake itakuwa takataka baada ya majuma machache. Mwaka 1936 alikuwa na miaka 36, na aliishi Berlin, mahali ambapo kila mtu mwenye macho aliona.

Wala hatutaki kwa sababu hiyo kutupa kazi zote, kama wanavyofanya wengine wenye haraka. Afishi ya 1926 inabaki ilivyo. Kijana wa leo anayejifunza kazi hii, Lubumbashi au Bukavu, akituomba sanamu moja ya Bayer ya kubandika juu ya meza yake, tutampa hiyo. Akiomba ya pili tutampa noti ya milioni moja. Tungependa ainakili kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kisha amwendee mtu wa nyumbani kwake aliyeishika ile ya zaire milioni tano, amwulize ilinunua nini juma la kwanza, na ilinunua nini juma la tatu.